Kukadiria Mapema Ufaulu wa Wanachuo wa Uuguzi katika Mtihani wa Leseni: Mwongozo kwa Wakufunzi

Matokeo ya mtihani wa leseni yanapotoka na ufaulu ukawa mdogo, chuo huitisha kikao na wakufunzi huanza kupitia orodha ya waliofeli. Baadhi ya majina hayamshangazi mtu. Mengine huwashangaza wote, kwa sababu ni ya wanachuo watulivu, wenye nidhamu wodini, ambao hakuna aliyewahi kuwatilia shaka. Ukirudi kwenye faili za taaluma, mara nyingi utakuta kwamba hata hao walikuwa wameacha dalili: walirudia famakolojia (somo la dawa), walishuka ghafla mwaka wa pili, au walipita kila somo kwa alama mbili tatu tu juu ya kiwango cha chini. Taarifa zilikuwepo; hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuzisoma kwa wakati.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkufunzi au mratibu wa taaluma katika chuo cha uuguzi na ukunga, asiye mtakwimu, mwenye kompyuta yenye programu ya lahajedwali na kumbukumbu za makundi machache ya wahitimu waliokwisha kufanya mtihani wa leseni. Mifano kadhaa nimeichukua Marekani, kwa kuwa mtihani wao wa leseni, NCLEX, umefanyiwa uchunguzi wa aina hii kwa miaka mingi sana, lakini kazi inayoelezwa hapa inaweza kufanyika Dodoma, Kisumu au Tanga bila kununua chochote. Lengo lake ni kuwapata wanachuo wanaohitaji msaada wakati ambapo msaada bado unaweza kubadili kitu. Chuo kinachotafuta namna ya kuwazuia wanachuo dhaifu wasiende kwenye mtihani hakihitaji mwongozo huu, na nitaeleza baadaye kwa nini njia hiyo ina kasoro hata kwa hesabu zake yenyewe.

Amua kwanza unachokikadiria

Kati ya kumaliza masomo na kupata leseni kuna hatua kadhaa, na mhitimu anaweza kukwama katika yoyote. Anaweza kuufanya mtihani akafeli. Anaweza kufeli mara ya kwanza akafaulu mara ya pili. Anaweza pia kukaa mwaka mzima bila kujiandikisha kwa sababu hana ada, vyeti vyake havijakamilika, au ameshapata kazi nyingine. Nchini Tanzania usajili na leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kenya ina Baraza lake la Wauguzi chini ya Sura ya 257 ya sheria za nchi hiyo. Katika nchi zote mbili mhitimu aliyekwama kwa sababu ya ada na mhitimu aliyekwama kwa sababu ya famakolojia wote hawana leseni, ilhali msaada wanaouhitaji haufanani hata kidogo.

Kwa hiyo andika fasili moja na uishikilie. Fasili ninayoipendekeza ni hii: kufaulu katika jaribio la kwanza, ndani ya miezi kumi na miwili tangu kumaliza masomo. Jaribio la kwanza linapimika kwa urahisi, nalo ndilo ambalo mabaraza na taasisi za ithibati hulitazama sana. Marekani, kwa mfano, CCNE, ambayo ni moja ya taasisi zinazozipa ithibati programu za uuguzi, huzitaka zioneshe ufaulu usiopungua asilimia 80 katika mtihani wa leseni. Wahitimu ambao hawakufanya mtihani kabisa ndani ya muda huo usiwafute kwenye orodha. Waweke katika safu yao, kwa sababu ukiwafuta utajidanganya kwamba chuo kina tatizo dogo kuliko lililopo, na kwa sababu kuchelewa kwenyewe ni hatari: uzoefu wa NCLEX unaonesha kwamba kadiri mhitimu anavyokaa muda mrefu kabla ya kutahiniwa, ndivyo uwezekano wake wa kufaulu unavyopungua.

Kusanya kumbukumbu kabla ya kufikiria hesabu

Hii ndiyo sehemu inayochukua muda mrefu, na ndiyo inayoamua kama kazi nzima itakuwa na thamani. Tafuta makundi matatu au zaidi ya wahitimu ambao matokeo yao ya leseni yanajulikana. Tengeneza jedwali ambalo kila mstari ni mwanachuo mmoja na kila safu ni taarifa moja. Tumia namba badala ya majina. Nchini Kenya kuna wepesi kidogo, kwa kuwa Baraza humpa mwanafunzi namba ya indeksi anapoanza mafunzo, na namba hiyo husaidia kuunganisha rekodi za chuo na matokeo ya mtihani; kwingineko namba ya udahili itatosha, ilimradi mtu mmoja anayeaminika ndiye anayetunza orodha inayooanisha namba na majina.

Jambo linaloharibu jedwali nyingi ni alama za sapu, yaani mtihani wa marudio. Katika vyuo vingi mwanachuo aliyefeli somo akalirudia na kufaulu huandikiwa alama ya chini ya kufaulu, na alama yake ya awali haionekani tena kwenye hati ya matokeo. Kwa mkadiriaji, alama iliyofutwa ndiyo yenye habari. Mwanachuo aliyepata alama 51 katika famakolojia kwa mara ya kwanza na mwanachuo aliyepata 32 kisha akapita kwa sapu wanaweza kuonekana sawa kwenye hati ya mwisho, ilhali katika mtihani wa leseni hawatakuwa sawa. Nenda kwenye karatasi za matokeo za idara, ulizia madaftari ya wakufunzi wa masomo, na urejeshe alama ya mtihani wa kwanza kwa kila somo. Ongeza safu ya idadi ya sapu alizowahi kufanya. Ukikosa muda wa kukusanya kila kitu, kusanya hilo.

Tahadhari ya pili ni kuhusu wakati. Kila safu iandikiwe tarehe ambayo taarifa yake ilianza kujulikana. Ukitaka kufanya makadirio mwishoni mwa mwaka wa pili, huruhusiwi kutumia alama ya mwaka wa tatu, hata kama iko mbele yako kwenye jedwali. Kosa hili ni rahisi kulitenda na gumu kuligundua, kwa sababu makadirio yanayoiba taarifa za mbele huonekana mazuri mno kwenye karatasi, halafu hushindwa mara yanapotumiwa kwa wanachuo walio hai darasani, ambao taarifa zao za mbele bado hazijatokea.

Kabla hujaendelea, zungumza na uongozi kuhusu ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na alama za mwanachuo ni taarifa binafsi. Wanachuo waelezwe kwamba kumbukumbu zao zitatumika kupanga msaada, nani atakayeziona, na kwamba hakuna uamuzi utakaotolewa juu yao na jedwali peke yake.

Viashiria vinavyofaa na visivyofaa

Tafiti zilizofanyika kuhusu NCLEX hazikubaliani katika kila jambo, lakini mambo machache hujirudia. Alama za masomo ya sayansi ya mwaka wa kwanza, hasa anatomia na fiziolojia, zina uhusiano na ufaulu wa leseni. Alama za patholojia, famakolojia na uuguzi wa wagonjwa wa tiba na upasuaji zina uhusiano wa karibu zaidi. Wastani wa jumla, yaani GPA, una uzito wake, nao una faida ya kutoyumbishwa na siku moja mbaya. Mtihani mpana wa majaribio unaofanywa mwishoni mwa mafunzo, ambao kwetu vyuo vingi huuita moko, kwa kawaida huwa karibu kabisa na matokeo halisi, jambo lisiloshangaza kwa kuwa hufanana na mtihani wenyewe na hufanyika muda mfupi kabla yake. Ubaya wake ni huohuo: unakueleza ukweli wakati umebakiwa na wiki chache.

Alama za kuingilia chuoni huwavunja moyo wengi wanaozitegemea. Nchini Tanzania mwombaji wa kozi ya uuguzi na ukunga ngazi ya cheti au stashahada hutakiwa kuwa na ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia katika kidato cha nne, na mtu angetarajia kwamba alama hizo zitatabiri mengi. Zikipimwa ndani ya chuo kimoja huonekana dhaifu, na sababu yake ni ya kihesabu zaidi kuliko ya kielimu: waliokuwa na alama za chini mno hawakudahiliwa, kwa hiyo waliobaki wanakaribiana, na tofauti ndogo kati ya watu wanaokaribiana haiwezi kueleza mengi. Hii haimaanishi kwamba Kemia haina maana katika uuguzi. Inamaanisha kwamba chujio la udahili limeshafanya kazi yake na limekuachia makapi kidogo ya habari.

Kiingereza ni suala la pekee. Sifa za kujiunga hulitaja somo hilo kama nyongeza inayomsaidia mwombaji, wakati mafunzo na mitihani vyote ni kwa Kiingereza, na mwanachuo aliyesoma shule ya msingi ya serikali alianza kufundishwa karibu masomo yote kwa lugha hiyo alipoingia sekondari. Wodini anazungumza Kiswahili na wagonjwa, anafanya kazi vizuri, na mkufunzi anamwona hodari. Kwenye karatasi swali linabadilika maana yote kwa neno moja linalouliza hatua ya kwanza au hatua isiyofaa. Alama ya Kiingereza ya kidato cha nne iingize kwenye jedwali lako uone. Sitakuahidi kwamba itakuwa na uzito katika chuo chako, ila ni taarifa ya bei nafuu na inafika mapema kuliko nyingine zote.

Alama za mafunzo kwa vitendo, kwa upande mwingine, nimeziona zikisaidia mara chache. Tatizo haliko kwenye umuhimu wa wodi; liko kwenye namna tunavyozitoa. Wasimamizi wa wodi huwa wakarimu, kila mwanachuo anapata kati ya 70 na 80, na safu ambayo watu wote wanafanana haiwezi kumtofautisha yeyote. Kama chuo chako kina orodha ya ujuzi inayojazwa kwa makini, itumie. Kama inajazwa siku ya mwisho kwa mkupuo mmoja, iache.

Kuna pia mambo yaliyo nje ya darasa: mwanachuo anayefanya kazi za usiku ili alipe ada, anayelea mtoto mchanga, anayekaa mbali na chuo, au aliyesimamisha masomo kwa muhula mmoja. Yana uzito mkubwa kwa mtu binafsi, lakini hayapimiki vizuri, na mengi huwezi kuyajua bila kuuliza. Yaulize katika mazungumzo na mwanachuo, usiyageuze kuwa alama. Jinsia, kabila, dini na mkoa anakotoka mtu visiingizwe kabisa katika hesabu. Hata kama vingeonesha uhusiano wowote, chuo hakina msaada wa kumpa mtu kwa ajili ya mkoa wake, na kinachobaki ni dharau iliyovalishwa namba. Matumizi pekee ninayoyakubali ni ya baadaye, unapokagua kama kipimo chako kinawaonea wanachuo wa aina fulani kwa kuwahofia kupita kiasi.

Hesabu yenyewe

Idadi ya viashiria unavyoweza kutumia hutegemea idadi ya waliofeli, wala si idadi ya wanachuo wote. Kanuni ya zamani ya watakwimu, ambayo ni ya kukisia lakini inafaa kuanzia, hutaka angalau matukio kumi, hapa waliofeli kumi, kwa kila kiashiria. Chuo chenye wahitimu 60 kwa mwaka ambapo tisa hufeli kitakuwa na waliofeli 27 baada ya miaka mitatu, na hiyo inatosha viashiria viwili, pengine vitatu. Mkufunzi anayeingiza viashiria kumi na tano katika jedwali la aina hiyo atapata kanuni inayowaeleza vizuri wahitimu wa zamani na isiyojua lolote kuhusu wanaofuata.

Kwa chuo kidogo napendekeza mfumo wa pointi za hatari. Mpe mwanachuo pointi moja kama GPA yake iko katika theluthi ya chini ya kundi lake, pointi moja kama alifeli famakolojia au uuguzi wa tiba na upasuaji katika mtihani wa kwanza, na pointi moja kama jaribio la kina la mwaka wa pili, yaani mtihani mpana wa majaribio wa mwaka huo, lilimweka katika theluthi ya chini. Kisha hesabu, kwa makundi yaliyopita, ni wangapi walifeli leseni katika kila ngazi ya pointi. Tuchukulie mfano wa kubuni wenye wahitimu 200, ambao 30 kati yao walifeli. Wenye pointi sifuri walikuwa 100 na watatu walifeli. Wenye pointi moja walikuwa 50 na sita walifeli. Wenye pointi mbili walikuwa 32 na 11 walifeli. Wenye pointi tatu walikuwa 18 na kumi walifeli. Hatari inapanda kutoka asilimia 3 hadi 12, kisha 34, kisha 56. Mpando wa namna hii, usio na kurudi nyuma, ndio unaoonesha kwamba pointi zako zinapima kitu.

Sasa angalia mtego ambao umewanasa wengi. Ukisema kwamba wenye pointi mbili na tatu, jumla yao 50, watafeli na waliobaki watafaulu, utakuwa umepatia kwa waliofeli 21 na waliofaulu 141, yaani watu 162 kati ya 200, sawa na asilimia 81. Mwenzako asiyefanya hesabu yoyote, aliyetangaza kwamba wote watafaulu, atakuwa amepatia asilimia 85. Kwa kipimo cha usahihi wa jumla amekushinda, na hajamtambua hata mwanachuo mmoja wa kusaidiwa. Ndiyo maana usahihi wa jumla haufai kuwa kipimo cha kazi hii, hasa pale ufaulu unapokuwa mkubwa. Jiulize maswali mawili badala yake. La kwanza: kati ya wote waliofeli, kipimo kiliwaona wangapi? Katika mfano wetu ni 21 kati ya 30. La pili: kati ya wote waliohofiwa, wangapi walifeli kweli? Ni 21 kati ya 50, maana yake zaidi ya nusu ya waliohofiwa walifaulu.

Jibu la swali la pili lina uzito wa kimaadili. Vipimo vya aina hii, hata vile vinavyouzwa kwa bei kubwa, ni hodari zaidi wa kuwataja watakaofaulu kuliko watakaofeli. Nchini Marekani mitihani inayouzwa na kampuni, kama HESI na ile ya ATI, inayofanywa kabla ya NCLEX, hupatia kwa kiwango kikubwa inaposema kwamba mtu atafaulu, lakini wengi wa wanaopata alama za chini hufaulu pia wanaporuhusiwa kutahiniwa. Vyuo vingine huko viliwahi kuitumia kama kizuizi cha kuhitimu, na mwaka 2012 Chama cha Taifa cha Uuguzi cha nchi hiyo, NLN, kilitoa miongozo ya upimaji wa haki iliyoonya dhidi ya kuamua hatima ya mwanachuo kwa mtihani mmoja. Rudi kwenye mfano wetu: ukiwazuia wote 50, utawanyima leseni watu 29 wanaostahili ili kuwaepusha 21 na kufeli. Ufaulu wa chuo kwenye karatasi utapanda hadi asilimia 94, na uongozi utapongezwa, wakati idadi ya wauguzi waliopatikana imepungua kutoka 170 hadi 141.

Mpaka wa kuhofia, yaani pointi ngapi zinatosha kumwita mwanachuo, hauchaguliwi na hesabu. Unachaguliwa na uwezo wa chuo. Kumwita mtu ambaye angefaulu hata bila msaada kunagharimu saa chache za mkufunzi na wasiwasi kidogo wa mwanachuo. Kumkosa mtu atakayefeli kunamgharimu yeye ada ya mtihani mwingine, miezi kadhaa bila kipato, na aibu nyumbani. Kwa hiyo mpaka uwe wa chini kadiri unavyoweza kuhimili. Katika mfano wetu, ukiwaita wote wenye pointi moja na kuendelea, utawaita 100 na utawafikia 27 kati ya 30. Kama una wakufunzi wanne wenye nafasi, watu 100 ni wengi mno. Waanze na wenye pointi tatu.

Mwenye mwalimu wa takwimu karibu anaweza kutumia regresheni ya lojistiki, njia ya kitakwimu ambayo humpa kila mwanachuo uwezekano wake badala ya pointi. Ni njia nzuri kwa kundi kubwa. Kwa wahitimu 150 haitakupa mengi zaidi ya pointi, na ina ubaya mmoja wa kiutawala, kwamba mkuu wa chuo hataweza kuikagua kwa macho yake.

Ijaribu kwa kundi ambalo hukulitumia

Pointi ulizozipanga kwa kutazama makundi ya zamani zitayaeleza makundi hayo vizuri, kwa sababu zilitengenezwa kutokana nayo. Weka pembeni kundi la karibuni zaidi tangu mwanzo, usilifungue, na ulitumie mwishoni kama jaribio. Tarajia kushuka kidogo. Na kumbuka udogo wa namba zako: katika mfano wetu wenye pointi tatu walikuwa 18 tu, na kama wanane tu kati yao wangefeli badala ya kumi, asilimia 56 ingekuwa 44. Usibishane na mtu juu ya tofauti ya aina hiyo.

Kitu kinachoharibu makadirio mazuri ghafla ni mabadiliko ya mtihani wenyewe, na historia ya NCLEX inaonesha jambo hili waziwazi. Mtihani huo umekuwa wa kompyuta unaojirekebisha tangu mwaka 1994: kompyuta humchagulia kila mtahiniwa swali kulingana na majibu yake ya nyuma, na husimama inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba yuko juu au chini ya kiwango. Kiwango hicho hupitiwa kila baada ya muda. Kilipopandishwa Aprili 2013, ufaulu wa wahitimu wa Marekani wanaofanya kwa mara ya kwanza ulishuka kutoka takriban asilimia 90 mwaka 2012 hadi takriban 83 mwaka 2013, ingawa wanafunzi hawakuwa wamebadilika. Aprili 2023 yalianza matoleo mapya yanayopima uamuzi wa kitabibu kwa visa vya wagonjwa, yenye maswali kati ya 85 na 150 na alama za sehemu kwa jibu lisilokamilika. Ufaulu ulioukaribia asilimia 80 mwaka 2022 ukavuka 88 mwaka 2023. Kipimo kilichotengenezwa kwa takwimu za kabla ya hapo kingeendelea kuwapanga watu kwa mfuatano uleule, kutoka aliye salama hadi aliye hatarini, lakini asilimia zake za hatari zingekuwa za uongo. Baraza lako likibadili muundo wa maswali, kiwango cha kufaulu au mtaala, chukulia kwamba mpangilio wako wa pointi bado una maana na kwamba asilimia zake zinahitaji kuhesabiwa upya.

Kumwita mwanachuo na kumsaidia

Mwite peke yake, mwanzoni mwa mwaka wa mwisho ikiwezekana, wala usibandike orodha ubaoni. Mwoneshe alama zake mwenyewe kabla ya kutaja hatari. Kauli ya kumwambia, "Matokeo yako ya famakolojia na jaribio la mwaka jana yanatuonesha mahali pa kufanyia kazi pamoja kabla ya mtihani wa Baraza," inatosha. Asilimia mwachie mratibu. Mwambie pia ukweli kwamba wapo wengi walioitwa kama yeye wakafaulu. Kisha sikiliza, kwa kuwa hapo ndipo yale mambo ya ada, mtoto na zamu za usiku yanapojitokeza, na mara nyingine barua moja kwa mhasibu hufanya kazi kuliko mwezi wa masomo ya ziada.

Baada ya hapo tambua aina ya makosa yake. Mpe maswali ishirini ya mtindo wa leseni, na kwa kila alilokosa mwulize alivyofikiri. Chukua swali la mama aliyejifungua saa moja iliyopita, anavuja damu nyingi, na mji wa mimba ni laini. Mtahiniwa anaulizwa muuguzi atafanya nini kwanza. Mmoja atachagua kumwita daktari kwa sababu hajui kwamba kusugua mji wa mimba husaidia usinyae na kupunguza damu. Huyo ana pengo la maarifa na anahitaji kurudi kwenye ukunga. Mwingine anajua kusugua, lakini amechagua kupima shinikizo la damu kwa kuwa amefundishwa kwamba tathmini hutangulia utekelezaji, na hakuona kwamba tathmini inayohitajika imeshatolewa ndani ya swali. Huyo anahitaji mazoezi ya kupanga vipaumbele. Wa tatu hakulielewa neno linaloeleza ulaini wa mji wa mimba kwa Kiingereza. Akielezwa kwa Kiswahili anajibu papo hapo. Ukiwapeleka wote watatu kwenye darasa moja la marudio, utamsaidia mmoja.

Mazoezi ya maswali yenye kuelezana sababu, kwa vikundi vidogo na kila wiki, yana faida kuliko mihadhara ya marudio ya siku tano kabla ya mtihani. Mwanachuo apangiwe pia tarehe ya mtihani mapema baada ya kuhitimu, na chuo kifuatilie nyaraka zake za usajili, ili asipoteze miezi kwa jambo lisilohusu uwezo wake.

Andika kila msaada uliotolewa, kwa nani, na kwa saa ngapi. Safu hiyo utaihitaji mwakani, kwa sababu msaada ukifanya kazi utaharibu takwimu zako: walioitwa watafaulu, na mtu asiyejua atasema kwamba kipimo kilikosea kuwahofia. Ukiwa na safu ya msaada unaweza angalau kuwalinganisha wenye pointi mbili waliohudhuria vikundi na wenye pointi mbili ambao hawakuhudhuria, ukikumbuka kwamba wanaohudhuria kwa hiari huwa na bidii zaidi tangu mwanzo. Matokeo ya kila kundi yanapotoka, yaongeze kwenye jedwali, fungua kundi lililokuwa pembeni, hesabu upya hatari kwa kila ngazi ya pointi, na uweke pembeni kundi jipya.